Vayoleti ya Afrika: Kutoka Jani Hadi Ua Katika Nyumba za Kitengela

Vayoleti ya Afrika ni miongoni mwa maua machache ya chungu yanayozalishwa kwa jani tupu. Jani likikatwa pamoja na kikonyo chake na kuchomekwa katika mchanganyiko mwepesi wenye unyevu, hutoa mizizi kwa muda wa wiki tatu au nne. Baada ya miezi miwili au mitatu, miche midogo huchomoza kwenye tako la kikonyo. Jani moja huzaa miche mitatu, minne, na wakati mwingine zaidi. Kinachofanya hilo liwezekane ni seli za ngozi ya kikonyo karibu na pale kilipokatwa: zinarudia hali ya uchanga, zinaanza kugawanyika upya, na kila kundi la seli hizo hujenga mmea mzima wenye mizizi, shina na kitovu chake. Kwa kuwa hapakuwa na uchavushaji wowote, mche unaozaliwa hufanana na mama yake kwa rangi ya ua, umbo la jani na tabia ya ukuaji.

Kuna aina moja inayovunja kanuni hiyo. Vayoleti zenye maua ya mistari inayotoka katikati kuelekea ukingoni, rangi mbili zikipishana kwenye kila petali, zimeundwa na tabaka za seli zenye urithi tofauti. Jani lake huzaa miche yenye rangi moja tu, au rangi isiyotarajiwa. Hizo huzalishwa kwa vichipukizi vinavyoota ubavuni mwa shina, si kwa jani. Anayeuziwa jani la vayoleti ya mistari kwa bei ya juu anauziwa bahati nasibu.

Ua hili huuzwa bega kwa bega na maua ya ng'ambo, lakini ni mzaliwa wa Afrika Mashariki. Porini hukua katika milima ya Usambara, Nguru na Uluguru nchini Tanzania, katika misitu ya pwani ya Tanga, na upande wa Kenya katika sehemu chache za Kilifi na Taita. Sampuli za kwanza kufika katika bustani ya Kew, Uingereza, zilipelekwa na John Kirk, balozi wa Uingereza Zanzibar, mwaka 1884, kisha na W. E. Taylor mwaka 1887. Taylor ndiye yule mmishonari wa Mombasa anayekumbukwa zaidi kwa kazi yake ya kukusanya methali na mashairi ya Kiswahili. Sampuli hizo hazikutosha kuupa mmea jina la kisayansi. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa wilaya ya Tanga, aliuona mmea huo, na baba yake aliyekuwa Ujerumani akaufikisha kwa Hermann Wendland, mkuu wa bustani ya Herrenhausen mjini Hannover. Wendland aliuita Saintpaulia ionantha mwaka 1893. Katika miaka ya 1920 wakulima wa maua wa California walianza kuotesha mbegu na kutoa aina mpya, na kufikia mwaka 1946 Wamarekani walikuwa na chama chao cha wapenzi wa vayoleti. Mwaka 2015 wataalamu wa mimea waliiingiza Saintpaulia katika jenasi ya Streptocarpus, ingawa wauzaji na wakulima wa nyumbani bado wanatumia jina la zamani.

Historia hiyo ina faida kwa anayekata jani leo, kwa sababu mmea haujasahau ulikotoka. Porini vayoleti hushikilia miamba yenye kivuli, mara nyingi karibu na maji, ikiwa na udongo kiasi cha kujaza ufa wa jiwe. Mizizi yake ni mifupi na myembamba. Hewa ya huko ina unyevu, joto halipandi sana wala kushuka sana, na maji ya mvua yanateremka bila kutuama. Kitengela ni kinyume cha hayo karibu yote. Mji huu wa kaunti ya Kajiado, Kenya, uko kwenye nyanda za Athi na Kapiti, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,500, upepo ukivuma bila kizuizi na udongo wake ukiwa ule mweusi unaovimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Mvua ya Kajiado ni chache. Maji ya nyumba nyingi hutoka kwenye visima virefu vya kuchimbwa au huletwa na maboza. Maelekezo yanayopatikana vitabuni yameandikiwa nyumba za Ulaya na Marekani, na yakifuatwa neno kwa neno hapa huozesha jani au kulikausha.

Kazi huanza kwa kuchagua jani. Majani ya duara la nje kabisa yamezeeka. Huota mizizi kwa shida na mara nyingi huoza kabla. Majani madogo ya katikati bado hayajakomaa, na kuyang'oa kunaharibu kitovu cha mmea mama. Jani linalofaa ni la duara la pili au la tatu kutoka nje: limekomaa, kijani chake kimekolea, halina doa wala jeraha. Mmea mama uwe umemwagiliwa siku moja kabla, ili jani liwe limejaa maji. Kama majani yana mabaka meupe ya asili, lichaguliwe lile lenye kijani kingi zaidi, kwa kuwa sehemu nyeupe haitengenezi chakula.

Jani hushikwa kwenye kikonyo karibu na shina na kuvutwa kwa kulipinda upande. Hukatika lenyewe kwa mlio mdogo. Kisha kikonyo hupunguzwa kwa wembe mpya, au kisu kilichofutwa kwa spiriti, kibaki na urefu wa sentimita mbili na nusu hadi nne. Mkasi haufai, kwa sababu huminya seli badala ya kuzikata, na pale palipominywa ndipo uozo unapoanzia. Mkato uwe wa mshazari, upande wa mshazari ukitazama juu, yaani upande uleule wa uso wa jani. Miche huota kwenye mkato huo, na ukitazama juu hupata nafasi ya kuchomoza mbele ya jani badala ya kubanwa chini yake. Wapo wanaokata pia theluthi ya juu ya jani ili lisiendelee kukua na kulala kwenye udongo. Hilo si lazima, ila lina maana kwa majani makubwa yanayozidi chombo.

Baada ya kukatwa, jani huachwa kwa dakika kumi hadi ishirini jeraha likauke juujuu. Unga wa homoni ya mizizi unaouzwa kwenye maduka ya agroveti hauhitajiki. Vayoleti ina uwezo wake wa kutosha, na unga mwingi huchelewesha miche hata kama mizizi inatoka haraka. Pesa hiyo inunue vyombo vya plastiki.

Udongo ndio mahali wengi wanapokosea. Ule mweusi wa Kitengela haufai hata ukichanganywa na samadi. Ukilowa hufunga na kukosa hewa, ukikauka hukaza na kukata mizizi, na samadi mbichi huunguza kikonyo na kuleta vijidudu. Udongo mwekundu unaouzwa kwa gunia ni afadhali kwa waridi na bogenvilia za nje, si kwa jani lisilo na mizizi. Mchanganyiko unaokwenda vizuri ni kokopiti, yaani unga wa makumbi ya nazi, pamoja na pumisi iliyopondwa, nusu kwa nusu. Pumisi ni lile jiwe jepesi la volkeno lenye vishimo linalochimbwa Bonde la Ufa, na wenye mabanda makubwa ya maua huijua vyema. Ichekechwe, zibaki chembe za ukubwa wa punje ya mchele, na vumbi litupwe. Kokopiti ilowekwe na kusuuzwa mara mbili au tatu kabla ya kutumika, kwa sababu mara nyingi huja na chumvi. Anayekosa pumisi anaweza kutumia mchanga wa mto ulio na chembe kubwa, uliooshwa hadi maji yanayotoka yawe meupe na kisha kumwagiwa maji yanayochemka. Perlaiti na vamikulaiti zinazotajwa vitabuni ni nzuri, lakini si za lazima.

Unyevu hupimwa kwa mkono. Mchanganyiko ukikamatwa na kuminywa ushikane, lakini maji yasidondoke. Ukidondosha, una maji mengi mno, na jani litaoza katika wiki ya pili.

Maji yenyewe yanastahili kuzungumzwa kwa kirefu, maana katika Kajiado ndiyo yanayoua vayoleti nyingi kuliko wadudu. Maji ya visima virefu vya eneo hili mara nyingi yana chumvichumvi, magadi na floridi. Floridi inajulikana zaidi kwa kubadili rangi ya meno ya watoto. Kwa ua, adui mkubwa ni chumvi na ile hali ya magadi. Vayoleti hupenda udongo wenye uchachu kidogo, kipimo cha pH kati ya 5.8 na 6.5. Maji ya magadi hupandisha kipimo hicho taratibu, madini ya chuma yanafungwa udongoni, na majani machanga yanageuka manjano huku ya zamani yakibaki kijani. Dalili nyingine ni ukoko mweupe kwenye ukingo wa chungu. Kikonyo kinachougusa huungua na kuoza. Kuchemsha maji hakuondoi chumvi wala floridi. Maji yakipungua kwa mvuke, chumvi inabaki ileile na hivyo kukolea zaidi.

Maji bora ni ya mvua. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi iachwe ioshe vumbi na kinyesi cha ndege kwenye mabati, kisha mtungi mmoja au miwili ya lita 20 ikingwe na kufunikwa. Kiasi hicho kinatosha kwa miezi mingi, kwa sababu majani kumi yaliyochomekwa hunywa maji kidogo mno. Nje ya msimu wa mvua, maji yaliyochujwa yanayouzwa kwa lita kwenye vibanda vya kujaza mitungi ni mbadala mzuri, mradi mtambo wake uwe ule unaoondoa chumvi. Maji yaliyolainishwa kwa chumvi ya kawaida hayafai. Maji ya aina yoyote yawe na joto la chumbani, kwa kuwa maji baridi yakilidondokea jani lenye joto huacha pete na mabaka ya manjano yasiyofutika.

Jani huchomekwa kwa mshazari, kikonyo kikizama sentimita moja na nusu hivi, na mchanganyiko hubanwa kidogo kwa kidole ili jani lisianguke. Kuzamisha zaidi hakuongezi mizizi. Huchelewesha miche tu kufika juu. Vikombe vya yoghurt vilivyotobolewa chini kwa msumari wa moto vinatosha. Kila kikombe kiandikwe jina au rangi ya ua na tarehe, maana majani yote ya vayoleti hufanana baada ya mwezi mmoja.

Hewa kavu na upepo wa Kitengela hufanya kifuniko kiwe cha lazima. Vitabu vya nje hupendekeza mifuko myembamba inayoonyesha, ambayo Kenya ilianza kuipiga marufuku tarehe 28 Agosti 2017. Chupa ya maji ya lita tano hufanya kazi hiyo vizuri zaidi: hukatwa katikati, nusu ya chini hubeba vikombe, na nusu ya juu hurudishwa kama paa. Kizibo ndicho kirekebisho cha hewa. Ndani kukiwa na ukungu mwepesi kwenye plastiki, hali ni nzuri. Matone makubwa yakianza kuteremka, kizibo hufunguliwa kwa siku moja. Chombo kilichofunikwa namna hii huweza kukaa wiki mbili au tatu bila kuongezwa maji, na wanaoongeza kila siku kwa huruma ndio wanaozika majani yao.

Kuna njia ya maji matupu pia. Jani hupitishwa kwenye tundu la karatasi ya aluminiamu iliyofunika mdomo wa glasi, ncha ya kikonyo ikizama sentimita moja. Mizizi huonekana kwa macho, jambo linalofurahisha watoto. Tatizo ni kwamba mizizi iliyoota majini ni laini na hukatika kirahisi inapohamishiwa kwenye udongo. Kwa anayetaka maua mengi badala ya maonyesho, mchanganyiko wa kokopiti ni njia ya uhakika zaidi.

Mwanga uwe mwingi lakini usiwe wa jua la moja kwa moja, hasa kwa chombo kilichofunikwa. Jua la saa nane mchana likipenya ndani ya chupa hupika jani kwa muda mfupi sana. Hapa tena vitabu vya nje hupotosha: vinavyosema dirisha la kusini lina jua mwaka mzima vimeandikwa kwa nchi za kaskazini. Kitengela iko takriban digrii moja na nusu kusini mwa ikweta, kwa hiyo tangu mwishoni mwa Machi hadi mwishoni mwa Septemba jua hupita upande wa kaskazini, na miezi inayobaki hupita upande wa kusini. Chungu kilichokaa salama dirisha la kusini mwezi Julai kinaweza kuungua mwezi Desemba. Dirisha la mashariki, lenye pazia jepesi, halina taabu hiyo kwa sababu jua la asubuhi ni pole mwaka mzima. Mmea wenyewe husema hali yake: vikonyo vikirefuka na majani kusimama, mwanga hautoshi, majani yakipauka na kujikunja kuelekea chini, mwanga umezidi.

Joto zuri la kuotesha ni nyuzi 20 hadi 24. Likishuka chini ya 15, kazi husimama na uozo hupata nafasi. Kati ya Juni na Agosti usiku wa Kitengela na mji wa Kajiado huwa baridi kiasi hicho, hasa karibu na vioo vya madirisha ya chuma. Majani yakatwe Septemba hadi Machi, na yaliyo njiani msimu wa baridi yasogezwe usiku kutoka dirishani hadi juu ya kabati au friji.

Baada ya mwezi, jani likivutwa polepole na kukataa kutoka, mizizi imeshika. Halafu hufuata kipindi kirefu ambacho hakuna kinachoonekana. Wengi hukata tamaa hapo na kuchimbua, wakikata vile vilivyokuwa vinajiandaa. Ishara ya kwanza ni ndogo: mchanganyiko unainuka kidogo mbele ya jani, kisha vinatokea vijani viwili vya kijivu-kijani vyenye manyoya, kila kimoja kikiwa na upana wa milimita chache. Kabla ya hapo mbolea haina kazi. Baada ya hapo, mbolea ya kuyeyuka yenye NPK iliyosawazishwa hutolewa kwa robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti.

Miche hutenganishwa majani yake yanapofikia upana wa sarafu ya shilingi moja. Kikombe kizima hugeuzwa, donge huwekwa kwenye karatasi, na kokopiti hupukutishwa kwa vidole hadi kila mche uonekane na kitovu chake. Mizizi iliyosokotana huachanishwa kwa ncha ya kijiti cha meno. Mche wenye kitovu na mizizi michache unapona. Wenye majani matatu bila kitovu ni vipande vya majani tu. Kila mche hupewa kikombe chake na kurudishwa chini ya kifuniko kwa wiki mbili, kisha kizibo hufunguliwa kidogo kidogo ili uzoee hewa kavu ya nyumba. Jani mama likiwa bado imara, kikonyo chake hukatwa upya na kuchomekwa tena.

Mche ukikua huhamishiwa chungu cha inchi tatu au nne, si zaidi. Vayoleti huchanua vizuri mizizi ikibanwa, na chungu kikubwa hutunza maji mengi yanayoozesha shina. Maji hutolewa kwa chini: chungu hukalishwa kwenye sahani yenye maji kwa nusu saa, kisha maji yanayobaki humwagwa. Mara moja kwa mwezi maji safi hupitishwa kutoka juu, bila kulowesha majani, ili kusukuma nje chumvi iliyokusanyika. Vumbi la kiangazi, ambalo manyoya ya majani hulikamata, huondolewa kwa brashi laini. Vichipukizi vya ubavuni hung'olewa ili mmea ubaki na kitovu kimoja. Tangu kukata jani hadi ua la kwanza hupita miezi minane hadi kumi na miwili.

Maradhi si mengi. Unga mweupe juu ya majani ni ukungu unaoletwa na baridi na hewa iliyotuama. Dawa ya kwanza ni kuachanisha vyungu. Katikati ya mmea pakikunjamana, manyoya yakisongamana na rangi kuwa ya kijivu, ni utitiri, na kwa mmea wa nyumbani ni busara kuutupa kuliko kuhatarisha mingine. Vidung'ata, wale wadudu wenye utando mweupe wa nta, hujificha kwenye makwapa ya majani na hata kwenye mizizi. Wachache hufutwa kwa pamba yenye spiriti. Mmea mpya kutoka kitaluni utengwe kwa mwezi mmoja kabla ya kuwekwa karibu na mingine.

Vayoleti za porini za Kenya haziguswi. Ile ya Taita hupatikana katika eneo dogo la msitu wa Mbololo, na ile ya miamba ya chokaa ya Cha Simba, Kilifi, imebanwa na ukataji miti na uchimbaji wa mawe. Zote ziko hatarini kutoweka. Zinazouzwa vitaluni ni machotara, na majani yake hukatwa nyumbani bila tatizo. Kuuza miche ni suala jingine: aina iliyosajiliwa chini ya haki za wazalishaji wa mimea, ambazo nchini Kenya zinasimamiwa na KEPHIS, shirika la serikali la ukaguzi wa afya ya mimea, huhitaji idhini ya mwenye haki. Anayetaka aina isiyopatikana nchini na kuagiza majani kutoka nje huomba kwanza kibali cha kuingiza mimea kutoka KEPHIS, na mzigo wenyewe huja na cheti cha afya ya mimea cha nchi ulikotoka. Majani yanayopitishwa ndani ya sanduku la nguo bila hati hizo hutwaliwa na kuharibiwa yakigunduliwa.